Madame wa Biolojia na Pumzi ya Mwenye Mashini

Kanisani, tulipofika mahali pa kuomba tusamehewe kama na sisi tunavyowasamehe waliotukosea, Madame wa Biolojia alifunga mdomo. Alifunga kabisa, kama duka siku ya Yenga, Jumapili. Sehemu nyingine zote za sala alizisema kwa sauti iliyofanya ng'ombe wa Ngungu wainue vichwa, na Ngungu haiko karibu. Lakini pale alinyamaza, akaangalia shingo ya mzee mmoja wa benchi la mbele, akangoja tumalize, kisha akaingia tena kwenye majaribu na yule mwovu kama mtu aliyeruka shimo barabarani. Mimi nilikaa karibu yake miaka mingi, kwa sababu mabenchi yale niliyatengeneza mwenyewe na ninajua lipi halitikisiki. Niliona.

Sisi wa masomo ya jioni hapa Bihambwe hatukuwa na jina lingine la kumwita. Walimu walikuwa wengi na Madame walikuwa wawili watatu, lakini ukisema tu "Madame anakuja," watu wazima wenye wajukuu walitema karanga na kukaa wima. Mimi mwenyewe diploma yangu ya Leta, ya serikali, niliipata nikiwa na mvi. Watoto wangu ndio walinisaidia kazi za nyumbani, na yule mdogo alinipiga rula. Kama ninajua leo kwamba damu iko na zaidi ya rangi, ni kwa ajili ya Madame.

Alikuwa mfupi. Mvua ya Masisi inaweza kugeuza barabara kuwa uji, gari la mizigo likazama hadi kioo, lakini Madame alipita na viatu vyeupe akafika darasani navyo vyeupe. Tulisema matope yenyewe yanamwogopa. Chaki aliishika kama mtu anayeshika kisu cha kuchinjia. Ukisinzia, hakukuita. Alisimama mbele yako na kupumua, polepole, hadi ukaota kwamba ng'ombe amekuingilia nyumbani, ukaamka.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Mengine alifundisha kwa sababu Leta inadai: maharagi yanavyoota, chura anavyokuwa chura. Lakini kila mwaka, akifika kwenye pumzi, alivua koti.

Alichora bomba kubwa kwenye tablo, akagonga ukingo wake wa ndani.

"Hapa, ndani ya bomba ya pumzi, kuko ngozi. Nyembamba kushinda ile ya kitunguu. Seli zake zimeshikana mabega kama bantu ba kwaya, na juu yao kuko vinyweleo vinafagia, vinafagia, muchana na usiku, vinapandisha makohozi na vumbi. Vitabu vya zamani vilisema huu ni ukuta tu. Ukuta! Nani iko na kitabu ya namna ile? Achome, apikie maharagi."

"Miye niko nayo, Madame," alisema Mama Sambaza. Huyu alikuwa mwanafunzi mwenzangu, muuza samaki wadogo kutoka Shasha. Aliwapandisha huku kwetu milimani, akauza, kisha akaingia darasani na ndoo tupu na harufu isiyokuwa tupu.

"Choma, Mama. Ukuta ile iko na mudomo. Ukuta njo unapiga sufuria."

Hapa kwetu, mwizi akiingia kwa jirani, mtu hapigi simu. Anapiga sufuria. Jirani akisikia anapiga yake, na mwingine yake, na kabla hujavaa suruali kijiji kizima kiko nje na fimbo. Madame alisema seli za ile ngozi zinafanya vile vile. Vumbi la unga uliolala linaingia, na ndani yake kuna vidudu visivyoonekana kwa macho, na mavi ya vile vidudu yanakata kamba zinazoshikanisha seli. Seli zinashtuka. Zinatoa ishara zao, na ishara ile ndiyo sufuria. Askari walio karibu wanakuja mbio. Wengine wanaokota kipande cha lile vumbi, wanakipeleka hadi kwenye kituo, kwenye matezi, na kule wanafundisha kikosi kizima: mukiona hii tena, musiulize. Siku nyingine vumbi likionekana tu, kikosi kimefika. Ngozi inavimba, makohozi yanajaa, misuli inakaza bomba.

"Bamekuja kukamata mwizi," alisema, "kisha banabomoa nyumba. Sikieni vizuri. Unga haiko sumu. Unga haiui muntu. Ni ile kelele njo inafunga pumzi."

Mama Sambaza akainua kidole chenye magamba ya samaki.

"Sasa Madame, kosa iko ya nani? Ya unga, ao ya yule alipiga sufuria?"

Madame alisimama. Chaki ilivunjika mkononi mwake, na ninaapa nilisikia kama mfupa.

"Ya yule alipiga sufuria bila kuangalia."

Kila mtu wa umri wangu mule ndani aliangalia meza yake. Tulijua anazungumzia nani.

Mzee wa lile benchi la mbele kanisani ni Mwenye Mashini. Ana mashini ya kusaga muhogo na mahindi, na tangu ujana wake alitoka mule mweupe kama mtu aliyefufuka. Zamani, mama yake Madame aliuza kasiksi hapa Bihambwe, pombe ya ndizi ambayo watu walivuka milima kuifuata, na nikisema walivuka milima sitii chumvi, leo tu. Jioni moja Mwenye Mashini alitoka kazini na unga wake mwilini, akaketi jikoni kwa yule mama. Mama akamimina. Akaonja mbele yake, kama desturi inavyotaka: kwetu anayemimina anaonja kwanza, mgeni aone, ndipo anapokea. Mzee akanywa. Kabla hajamaliza kikombe, kifua kikafunga. Akaanguka magotini, akamnyooshea yule mama kidole, na neno moja lililopata njia ya kutoka lilikuwa "karuho".

Karuho ni ile sumu ya polepole. Hapa, likitajwa jina lake tu, mikono inaacha sahani. Hakuna aliyeuliza vipi mtu aonje sumu yake mwenyewe na abaki amesimama. Walivunja vibuyu, wakang'oa mabati, na yule mama akashika barabara ya Walikale na binti yake mkononi. Mwenye Mashini walimpeleka kwa mganga, akamtapisha. Shida ile inakuja na inakwenda, hata usipofanya kitu mara nyingine inapita. Ilipopita, mganga akawa mganga mkubwa na mama akawa mulozi, mchawi. Mambo yote mawili kwa ajili ya kikohozi kimoja!

Kule Walikale, watu wa msituni waliwapokea. Wakawapa shamba la muhogo, na mkutano wa kina mama ukamkubali yule mgeni kwa taratibu zao ambazo Madame hakuwahi kutueleza. "Haiko ya kwenu," alisema. Lakini mama hakumpa mtu yeyote chakula tena. Alipika, akafunga mlango, akala. Mgeni akija alimpa kiti na maneno, maji hapana. Madame alikulia katika nyumba isiyogawa maji, na kutoka humo akaenda shule za wamisionari, akasoma hadi walimu wakaishiwa, halafu alipoulizwa na wakubwa anataka kufundisha wapi, alitaja Bihambwe. Prefe wetu, mkuu wa shule, alifikiri ni makosa ya mwandiko.

"Kwa nini huku, Madame?" nilimuuliza wakati nilipokuwa nimezoea kidogo.

"Kuko bantu nilikosa kubasalimia."

Sasa msifikiri alikuwa mtu wa mstari mmoja. Alitufundisha kwamba hofu ya karuho ni kelele ya sufuria, lakini yeye mwenyewe hakula kwa mtu yeyote hapa. Kwenye ndoa ya binti yangu alikuja na zawadi nzuri, akacheza, akaimba, kisha akatoa yai la kuchemsha kwenye karatasi na kulimenya katikati ya wageni, mbuzi wangu akinukia hadi Sake. Mke wangu hakuongea naye hadi Pasaka.

"Madame," nikamwambia, "unaogopa karuho?"

"Siogope kitu. Ila siwapatie nafasi ya kunifurahia."

Na kuna jambo jingine, ambalo nililiuliza mara moja tu. Nilikuwa nimesoma vizuri somo lake, maana mimi nikisoma kitu ninakisoma kama mwizi anavyosoma kufuli. Nikasema: "Madame, moshi nao unaiumiza ile ngozi, si ndiyo? Na jikoni kwa mama yako ile jioni..." Chaki ilinipita sikio. Ilikwenda ikagonga ukuta wa nyuma, na alama yake iko pale hadi leo, ninaonyesha wageni. Lakini baada ya somo, nikiwa ninafunga madirisha, alisema bila kunitazama: "Moshi ilikuwa. Ninajua. Unga ilitengeneza ile kifua miaka na miaka, na moshi ya mama ikamaliza. Lakini moshi haiko mulozi, Papa Fundi." Nikasema ndiyo, Madame.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika somo lile kilikuwa kumbukumbu. Alisema unaweza kufagia nyumba, ukaondoa vumbi lote, lakini ngozi ya pumzi inakumbuka. Zile seli za chini, ambazo zinazaa zingine, zinabaki na alama ya ugomvi, na zinazozaliwa zinazaliwa zimekasirika tayari. "Ndiyo maana dawa ya kufungua bomba peke yake haitoshi," alisema. "Ile inafungua mulango tu. Lazima dawa ya kila siku, ya kunyamazisha bapiga sufuria. Kila siku. Hata siku unajisikia muzima." Kisha akaongeza, na kutabasamu kwake kulinifanya nitafute koti langu: "Miye ninaipenda sana ile ngozi. Haisahau."

Miaka ilipita, na kifua cha Mwenye Mashini kikazidi. Kila kilipofunga walimrudisha kwa mganga, akatapishwa, akarudi mwembamba zaidi. Watu walisema: "Karuho ya yule mama bado inamukula." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa hesabu za Madame. Kila kikohozi cha mzee kilikuwa kinamshitaki mama yake upya. Na kama mzee angekufa vile, akipiga miluzi kifuani, kesi ingefungwa. Mama angebaki mulozi hadi vitukuu.

Siku yenyewe nilikuwa mashinini, ninapiga mlango msumari. Mwenye Mashini alikuwa anafagia unga wa zamani uliolala juu ya mbao za dari, tangu enzi za babu zetu nadhani, ukashuka wote kama theluji ya kwenye picha. Alishika ukuta. Mdomo ulikuwa wazi na hakuna kilichoingia. Nilipiga kelele, na wa kwanza kufika hakuwa mke wake wala mganga. Alikuwa Madame, amekimbia kutoka darasani, viatu vyeupe vina matope kwa mara ya kwanza katika historia ya Masisi, na pompi, ile dawa ya kufungua bomba, mkononi.

Aliniamuru tumtoe nje. Akamkalisha wima, akamtia pompi mdomoni, akabonyeza.

"Vuta. Vuta, Papa. Tena."

Macho ya mzee yalimtambua, na nakuambia yaliogopa kuliko yalivyoogopa kifo.

"Hutakufa," Madame akamwambia, uso kwa uso. "Umesikia? Hutakufa na jina ya mama yangu mu kinywa yako. Vuta!"

Tulimpandisha kwenye moto, pikipiki, Madame nyuma akimshika kifua kama gunia, hadi kituo cha afya. Infirmiye, muuguzi wa pale, alimaliza kazi, akampa pompi mbili: ya kufungua, na ya kila siku. Na hapo kijiji kilipata sinema. Kila asubuhi, kabla jua halijakauka umande, Madame alikuwa mlangoni kwa Mwenye Mashini.

"Binti yangu, Mungu akubariki," mzee alisema.

"Muache Mungu. Vuta. Shika pumzi. Sasa sukutua kinywa."

Akamkataza kwa mganga. Akamtafutia kitambaa cha kufunga mdomo na pua kazini. Akaniita nitoboe madirisha mawili mashinini, na dari nikaifagia mimi kwa kitambaa cha maji, mzee akiwa mbali, kwa amri yake. Ilipofika wakati tukakimbia wote kwa sababu ya risasi, kila mtu akibeba godoro ao mbuzi, Madame alibeba pompi za Mwenye Mashini ndani ya sidiria, akamfuata kambini, akamsimamia mule mule katikati ya mahema: vuta, shika, sukutua.

Mama Sambaza alishindwa kuvumilia.

"Madame, kumbe unamupenda sana ule mzee!"

"Ninamuchukia sana," alijibu, kwa upole kabisa. "Akikufa mugonjwa, anakufa akisema bongo, ule uongo wake. Lazima apone. Apone vizuri, apone mbele ya bantu bote, azeeke hadi meno iishe."

Akapona. Si kwa siku moja, ngozi ile ilichukua muda wake kunyamaza, lakini mzee alianza kupanda mlima wa kanisa bila kusimama. Ndipo Jumapili moja, wakati wa matangazo, Madame aliinuka: "Siku ya posho, Jumamosi, mama yangu atakuwa hapa. Atamimina kasiksi. Wote walikuwa pale ile jioni, munaalikwa." Akakaa. Katekista alisahau sauti ya wimbo.

Tulikwenda wote. Nani angebaki nyumbani? Watu waliokufa walituma wawakilishi. Mama alikuwa ameshuka kutoka gari la Walikale, mzee, mdogo wa mwili kuliko binti yake, kitambaa kichwani kimefungwa kwa ukali. Kibuyu kikubwa mbele yake. Mwenye Mashini walimketisha kiti cha mbele.

Mama akamimina kikombe. Akakishika. Uwanja mzima ulingoja aonje, na yeye alituacha tungoje, akatupitisha macho mmoja mmoja.

"Ile siku nilionja," alisema. "Mulikuwa hapa bote. Nilionja, na mulifanya nini? Leo sionje."

Akanyoosha mkono.

Mzee alikiangalia kile kikombe. Mke wake alisema chini chini, "Acha, papa, twende nyumbani." Madame alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mikono imekunjwa. Kama mzee angekataa, pompi zote zile zingekuwa kazi bure. Angerudi nyumbani na mama angerudi Walikale, kila mmoja na jina lake la zamani.

Mzee akapokea kwa mikono miwili. Akanywa. Akanywa hadi chini, koo likipanda na kushuka.

"Sasa pumua," Mama akamwambia. "Tusikie."

Nimehudhuria misa nyingi na maziko mengi, sijasikia kimya kama kile. Hata kuku. Mwenye Mashini akavuta pumzi, akaitoa.

"Tena."

Akavuta tena. Hakuna mluzi, hakuna mkwaruzo. Hewa iliingia na kutoka kama mtu anayeingia kwake. Kisha mzee akageuza kiti, akatutazama sisi.

"Haikukuwa karuho," alisema. "Ilikuwa kifua yangu. Huyu mama hakunifanyia kitu. Nilisema bongo, na mulinisadiki."

Wengine walilia. Mimi sikulia, jasho tu lilipotea njia. Mzee, akidhani mambo yamekwisha na sasa ni sherehe, akanyoosha kikombe: "Mama, ongeza kidogo."

Mama alichukua kibuyu, akakitikisa sikioni kwake. Wote tulisikia pombe ikicheza ndani, nusu nzima.

"Imeisha," alisema.

Akageuka, akanimiminia mimi, ambaye ile jioni sikuwepo, akamimina kwa Mama Sambaza, akapita kwa kila mtoto aliyezaliwa baada ya ile jioni. Wazee waliokuwepo siku ile aliwaruka, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyethubutu kuomba. Kasiksi ile, ndugu zangu! Niliona marehemu bibi yangu, akanisalimia kwa jina.

Kesho yake Mama alirudi Walikale. Tulimsihi abaki, nikajitolea hata kumjengea nyumba. "Nilikuja kuchukua jina yangu," akasema. "Nimekwisha kuichukua. Mabati mubaki nayo." Nasikia kule sasa anagawa maji kwa wapita njia, na pombe pia, na anaonja kwa furaha.

Nilikuwa kwa Madame juzi juzi, asubuhi, kumpelekea kabati alilonituma. Amezeeka kidogo. Alinipa kiti, akanipa chai, akaonja mbele yangu, mimi ambaye ningekunywa hata maji ya chaki kutoka mkononi mwake. Nikaona nafasi.

"Madame, pale kwenye sala, kwenye kusamehe. Bado unanyamaza?"

"Bado."

"Hata sasa? Mzee ameungama mbele ya dunia nzima!"

"Mara moja tu," alisema. Akainua kidole. "Nyamaza. Njo huyu anakuja."

Barabarani alipita Mwenye Mashini, kitambaa shingoni, anakwenda kazini. Anapanda kilima kile kila siku, kikali ambacho hata mbuzi wanapumzika katikati. Alipofika usawa wa mlango aliinua kofia kwa Madame. Madame hakujibu. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza kifua cha yule mzee kikipita, na mimi nikasikiliza naye, na hapakuwa na mluzi hata mmoja.

"Unasikia, Papa Fundi?" akaniambia. "Anaungama tena."